Wadudu Hawakutoka kwenye Zulia Lako

Wifi yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa hapa Kalangalala, kwenye chumba kile ulichomuuguzia mama yako mpaka Mungu alipomchukua.

Unakumbuka ulivyolileta zulia la sufu kwenye bodaboda, umelikumbatia kama mgonjwa? Mama akakutania, "Mimi nimezaa wote nyie juu ya ngozi ya ng'ombe, leo mnanitandikia manyoya ya kondoo wa Wazungu!" Tulicheka mpaka akapaliwa.

Baada ya mazishi, mwanangu Masanja akatoka vipele mwili mzima. Nilipoinua zulia nikakuta vijidudu vya kahawia vyenye manyoya. Jirani akasema, "Hivyo vimetumwa. Muulize aliyeleta zulia." Neno likakufikia huko Buseresere. Tangu hapo hujakanyaga kwetu, na kwenye simu unanijibu "salama" tu, basi.

Mimi sikuamini, wifi. Nikasali, kisha nikanunua dawa ya kupuliza. Nikatoa watoto na vyombo, nikalikung'uta zulia juani, nikajifunga khanga puani, nikapuliza kwenye nyufa na pembe zote. Wakaisha. Wakarudi. Ndipo nikavuta ile ngozi ya ng'ombe ya mama, aliyoiviringisha mwenyewe uvunguni. Imetobolewa kama chujio, wadudu wanamwagika kama pumba. Walianzia humo, wakahamia kwenye sufu yako.

Nililia. Juu ya ngozi ile tulikaa wewe na mimi tukimenya karanga, mama akituchapa vidole tukizila mbichi. Lakini haikuwa ya kuokolewa tena. Kabla ya kuichoma nikawaita wanajumuiya, na jirani yule. Nikaikunjua mbele yao.

"Tazameni walikozaliwa. Uvunguni, humu humu ndani. Na nyie mlimwita wifi yangu mchawi."

"Kumbe!" jirani akasema.

"Kumbe haitoshi, mama."

Akainama. Baadaye akaja peke yake, anataka kupanda gari aje akuombe msamaha. Nimemwambia asubiri kwanza usikie kwangu.

Nimepuliza tena uvunguni, Masanja amepona, na zulia lako liko pale pale lilipokuwa. Paroko ananiuliza siku ya misa ya kumwombea mama. Sijamjibu. Nitamwombeaje mama yako pumziko, na binti yake anauogopa mlango wake? Sema siku wewe.

Akulinde Bikira Maria njiani.

Wifi yako, niliyemzika mama pamoja nawe