Susu Hakutikisika

Mwingi, Jumamosi

Hakutikisika. Alikaa tuli kama jiwe, na nilimwona kwa macho yangu.

Leo Mama Mutua alikuja studio kuchukua picha ya familia, pamoja na susu, mama ya bwana yake. Siku ile nilipowapiga nyumbani kwao, lenzi yangu pana iliwaingiza wote, hata mbuzi wa jirani. Nilikuwa nimeshaizungusha ili ione wazi umbali wa waliosimama. Halafu wakasema mkubwa hawezi kukaa nyuma ya watoto, wakamwekea susu kiti mbele kabisa, karibu na mimi. Sikuizungusha lenzi upya. Wote wametoka safi, ila uso wa susu ni ukungu mtupu.

Mama Mutua aliuliza mbona. Mdomo wangu ukajibu, "Alitikisika."

Nilingoja susu akatae. Yeye aliangalia mikono yake tu. "Nisamehe, mwanangu. Ni uzee. Nimewaharibia picha."

Nikamwambia si kitu. Yaani nikamsamehe.

Nilisema nitarudi niwapige nyingine, Mama Mutua akanisifu kwa roho nzuri. Susu akakataa. Alisema nipige watoto peke yao, yeye asije akaharibu tena.