Mama Anapocheza Mteja

Jumatatu, 3 Juni
Profesa Insfrán katugawa mafungu mawili. Fungu la mwenzangu Liduvina linajifunzia kwenye duka la dawa la kuigiza — kaunta, rafu, hadi wagonjwa wa kujifanya! Sisi tumepewa makaratasi tukasome. Eti anataka kuona nani ataelewa zaidi. Halafu mtihani wa Ijumaa ni wa kaunta kwa wote! Nikifeli, narudia mwaka. Nimekasirika.

Jumanne, 4 Juni
Dawa za maumivu nazijua zote. Nikajaribu kuzieleza mbele ya kioo — ulimi mzito! Liduvina anasema mgonjwa wao wa leo aliwatukana, wakacheka sana. Wacheke tu.

Mama kanisikia nikibabaika. Kasema kesho yeye atakuwa mteja, akimaliza kuuza chipa, mikate yake ya jibini.

Jumatano, 5 Juni
Meza ya jikoni ndiyo kaunta. Mama kabadili sauti, eti ni Ña Porfiria, bibi mmoja wa sokoni. Kumbe anajua kuigiza!

"Dokta, maswali mengi kama polisi! Nipe vidonge vya mgongo, basi linaniacha."

Nikakaza. Anavinywa lini? Kila akitua kikapu. Baada ya kula? Nani ana muda wa kula! Na choo kikoje? Hapo akakung'uta unga mikononi. Cheusi kama lami, akasema, tangu wiki iliyopita. Anatumia dawa ya kuongeza damu, ile inayofanya choo kiwe cheusi? Hapana.

Nikapiga makofi! Ndivyo makaratasi yanavyosema: huenda vidonge vimelifanya tumbo livuje damu, mgonjwa aende hospitali haraka. Mama akacheka, akarudi kukanda unga. Leo nina raha kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Darasani wazo limenijia, nikaacha kuandika. Makaratasi yangu Mama hajawahi kuyagusa. Habari ya choo cheusi kaitoa wapi?

Nimerudi mbio kumwuliza. "We Nimia, mtihani umekupanda kichwani! Mimi mzima." Mzima gani? Midomo imepauka. Ngazi za mlangoni tu, kashika ukuta. Nikataja hospitali, akawaka: na chipa atauza nani? Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 7 Juni
Mtihani ni saa mbili. Bado niko nyumbani. Nimembembeleza tangu alfajiri, kanifukuza niende chuo. Nikabeba mkoba. Nilipofika mlangoni nikasikia ile sauti ya sokoni nyuma yangu.

"Dokta. Na mtu akiwa anaogopa hospitali?"

Hilo halimo kwenye makaratasi. Nikaweka mkoba chini. Nikamwambia, Ña Porfiria, duka letu humsindikiza mteja. Mpaka ndani, mpaka kitandani.

Akasema anachukua kitambulisho. Kaingia chumbani, kafunga mlango. Liduvina anapiga simu, majina yameanza kuitwa. Naandika huku namsubiri.

Nimeita "Mama". Mlango haufunguki. Sasa namwita Ña Porfiria, labda yeye atafungua —