Khaen Haivuji

Mpendwa mshauri Lamduan, naomba msaada kabla uongo haujanikaba koo. Mjukuu wangu Khaohom, miaka kumi, aliugua saratani ya damu, akatundikiwa dawa kali miaka miwili, nywele zikanyonyoka zikarudi nene kuliko za mama yake, daktari akasema amepona, tukamfunga nyuzi nyeupe mikononi kuita roho zake zirudi nyumbani, zikarudi zote, hata ile ya ubishi. Nikamfundisha khaen, kinanda chetu cha mianzi kinacholia ukipuliza na ukivuta pumzi, na kwenye sherehe ya kurusha maroketi kuombea mvua atapiga mbele ya kijiji kizima. Sasa tangu majira ya baridi anakatika katikati ya wimbo, na kikohozi kikavu juu, mama yake Wilai akauliza, “Baba, mbona hivyo?” nikamjibu, “Khaen inavuja, mwanangu,” nikaiziba kwa nta mara tatu, wala haivuji, basi nimeanza kuufupisha wimbo kimyakimya ili mtoto asijue. Wilai alilala sakafuni hospitalini miaka miwili, nitamwambiaje? Mtoto mwenyewe mchangamfu, ila siku hizi ana kiu ya ajabu, tukifika katikati tu, “Babu, niletee maji,” nami nikirudi kikombe hakigusi. Niseme, au sherehe ipite kwanza?

Khamphan, fundi khaen, kando ya Mto Mun

Mzee Khamphan, shikamoo, na heshima iishie hapo. Mara tatu unaziba mianzi isiyoumwa! Ungekuwa fundi wa paa ungeziba mawingu.

Pole, woga wako naujua. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Baadhi ya dawa hizo zilizomwokoa huweza kuacha makovu kwenye mapafu, na pengine yakajionyesha baada ya miaka. Si lazima saratani iwe imerudi. Huenda ni jambo jingine kabisa. Mimi si daktari, na wewe ndiyo kabisa.

Mwambie Wilai leo, kabla wali haujaiva. Atalia, atakufokea, vumilia. Kesho mpelekeni mtoto alikotibiwa, na karatasi za dawa zote alizopewa. Watampulizisha mrija wa kupima pumzi, na kwa kupuliza huyo hana mpinzani. Sherehe ataamua daktari. Na sigara za kusokota, najua fundi kama wewe huzikosi, usinidanganye na mimi, zima zote.

Halafu hicho kikombe. Mzee wangu, Khaohom hana kiu. Anakutuma maji apate kuhema usimwone. Wewe unamfupishia wimbo asijue, naye anakutuma jikoni usijue. Leo akisema, “Babu, niletee maji,” usiinuke. Kaa naye.