Foleni ya Vibarua Getini

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa kidogo, na kwamba unafika ibadani bila kutafuta mtu wa kukushika mkono. Mimi na wanangu hatujambo, Mungu anatutunza. Kazi ya kufua hospitalini ni ile ile: mashuka yanaingia machafu, yanatoka masafi, kesho yake yale yale yamerudi.

Mama, nina jambo zito la kukuambia, lakini lazima nianzie mbali, na najua mahali pa kuanzia hutapapenda. Nimecheza filamu. Usiikunje barua kwanza. Sikufanya lolote ambalo siwezi kulisimulia mbele yako.

Alikuja binti mmoja mwenye kamera, rika la mwanangu wa kwanza, akapewa ruhusa na wakubwa kutupiga picha kwenye chumba cha kufulia. Alisema anataka hadithi ya mfuaji na mumewe aliyeachishwa kazi, na kwamba hataki waigizaji, anawataka watu wenyewe. Akanichagua mimi niwe huyo mke. Siku ya kwanza nilikwenda na gauni la ibadani lililopigwa pasi, nywele nimesuka upya. Akanitazama kwa adabu, akaniomba nikavae aproni yangu yenye mabaka ya dawa ya madoa. Wenzangu walicheka mpaka wakasahau mashine. Mume wangu wa filamu alikuwa fundi kufuli wa mtaa wa nyuma, mtu mpole asiyejua pa kuweka mikono yake. Mpaka leo akipita dirishani wanamwita shemeji na kumuuliza mbona anamwacha mkewe afue peke yake.

Yule binti kila kitu alikitaka kilivyo. Taa hakuleta, alingoja jua liingie dirishani. Muziki hakutaka, alisema kelele za mashine zinatosha. Nilipojaribu kulia kama wanavyolia kwenye tamthilia, aliniambia nikunje shuka tu, kama nimechoka watazamaji wataona. Na kweli nilikuwa nimechoka. Nikamuuliza kama mwishoni yule mume atapata kazi. Akajibu kwamba hajui, filamu za namna hii huwaacha watu katikati ya maisha yao, kama tulivyo sote. Nikamwambia basi ajiandae, watu watadai kurudishiwa kiingilio.

Ilipokamilika walituonyesha sisi kwanza, ukumbini, kwenye ukuta mweupe. Nilijiona, na niliona haya jinsi mgongo ulivyozeeka kabla yangu. Kisha ikaja sehemu ya yule mume kutafuta kibarua kwenye ghala la saruji. Hapo binti hakukusanya watu wa kuigiza. Alikwenda na fundi kufuli alfajiri hadi kwenye geti lenyewe, akawaomba ruhusa waliokuwa kwenye foleni, akapitisha kamera taratibu, uso mmoja baada ya mwingine. Wengi walitazama chini. Mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili ameuegemeza gotini, kama mtoto anayengojea chakula mlangoni pa jikoni.

Nilisimama. Kivuli changu kikajaa ukutani, watu wa nyuma wakanigombeza kwamba nikae, mgongo wangu si kioo. Sikukaa.

Mama, hapa kaa kitako. Futa miwani kwanza. Yule mtu ni kitinda mimba wako, yule uliyempa jina la Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyokuwa akituamuru sote kabla hajaota meno. Mwanao yu hai.

Sikutaka kukuambia kwa simu ya jirani, uanguke nami niko mbali. Pia nilitaka kwanza nimguse kwa mkono wangu. Nilimuuliza binti geti ni lipi, nikaenda kabla ya zamu yangu. Siku hiyo sikumkuta. Nikarudi kesho yake, nikamkuta na saruji kwenye nyusi. Nilipomwita kwa jina lile alitafuta pa kukimbilia, halafu akanipokea mkoba kama zamani. Amekonda na anakohoa kidogo, lakini ni mzima.

Alisema neno la marehemu Baba, kwamba asikanyage tena ua ule, aliondoka nalo na hakupata pa kulitua. Habari za kifo cha Baba zilimfikia mazishi yameshapita, akaona mtu asiyemzika babake hana mlango wa kurudia. Ndiyo maana akanyamaza miaka yote hii. Nikamweleza kwamba mwaka jana sisi wanao na baba mdogo tulimwombea kama tunavyowaombea waliokufa, na kwamba wewe ulijifungia chumbani ukakataa kuitikia amina. Kisha akaniuliza kama ni kweli ulikataa. Nikamwambia ni kweli.

Nilimsihi twende nyumbani siku ile ile, akagoma. Anasema mimi dada yake namhurumia tu, na huruma haifungui mlango. Anataka neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba sasa ni wewe. Jumapili alasiri atakuwa chumbani kwangu, nami nitapiga simu kwa jirani. Nakuomba usimuulize alikuwa wapi, hayo yatakuja yenyewe. Yeye atakuamkia tu. Ukimwitikia, atapanda basi. Usipomwitikia, amesema hatalaumu, atarudi getini kwake, nami sitakulazimisha, Mama, maana machozi uliyolia ni yako.

Wasalimie dada na watoto wake, na jirani mwambie namshukuru mapema kwa simu yake. Mungu akupe nguvu za kuvuka barabara siku hiyo.

Ni mimi binti yako wa pili,
mfuaji.

Amepita hapa jioni hii akanikuta naandika. Kalamu hakuitaka, lakini ameniomba nimwandikie neno moja, nami naliandika kama alivyolitamka: Shikamoo, Mama.