Singeli Upande wa Pili wa Uwanja

Boko, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Doto, wewe unayesoma, pokea salamu zako pacha wangu, na usome polepole, usirukeruke mistari kama ulivyozoea. Mguu wa Baba unaendeleaje? Mama aliniambia Baba anafika kisimani bila mkongojo, halafu Baba mdogo Maganga akaniambia si kweli, mkongojo anauficha akimwona Mama anakuja. Nataka kujua nimwamini nani. Na mpunga umezaa? Mvua ilitosha? Mimi mwili mzima, nakula, nalala kidogo. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nikamate kalamu. Kwenye simu Baba husikii vizuri, inabidi nipige kelele, na nikipiga kelele hapa kituoni kila mtu anazijua shida zangu kabla yako wewe. Kwa hiyo barua hii nitampa Masanja wa lori la mchele, ameshusha mzigo Tegeta na kesho anaondoka kurudi huko.

Bado nipo kwenye kile kituo cha sanaa. Ilikuwa nyumba ya mtu, kubwa, sasa sebuleni wanachora, pembeni wameezeka mabati pakawa ukumbi wa mazungumzo, na nyuma kuna uwanja wa mchanga ambako tunacheza. Mimi nalala kwenye stoo nyuma ya jukwaa, pamoja na ngoma na majembe. Mkuu wa kituo ni dada Zuhura, mwenyeji wa hapahapa pwani, mama mwenye roho nzuri na mdomo mkali. Kila mwezi anabandika ratiba getini na watu wanaotoka kazini wanasimama kuisoma. Mwezi huu kina mama wa Kizaramo wanafundisha kusuka ukili, na wanaofundishwa ni mabinti wenye kucha za kubandika, basi ni vicheko na kucha zinadondoka. Kuna sarakasi, kuna filamu siku ya Alhamisi. Jumatano hii anakuja mkunga mstaafu kuzungumzia nyimbo za kubembelezea watoto, na tayari watu wameulizia viti. Jumatano iliyopita ilikuwa zamu yangu kuzungumza. Nilizungumzia ngoma ya kulima. Waliokuja, wengi wao walikuja kuchaji simu, maana umeme ulikatika mtaani na sisi tuna jenereta. Nilipomaliza, mmoja akauliza kama kuna soketi nyingine.

Nacheka ninapoandika hivi, lakini Baba, hali yangu ni mbaya.

Jumamosi hii ni siku ya maonyesho. Kila darasa linatoka uwanjani kuonyesha lilichojifunza. Darasa langu ni la ngoma yetu ya jembe, bugobogobo, na lilianza vizuri kuliko nilivyotegemea. Walikuja karani wa benki, mlinzi mstaafu, mama anayeuza vitumbua, wanafunzi wa chuo, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Tegeta anayeitwa Anjela, Mhaya wa Bukoba. Walikuwa wananiamkia "mwangaluka" saa kumi na moja jioni, nami nimechoka kuwaambia hiyo ni ya asubuhi. Hakuna aliyewahi kulima hata tuta moja, ila jembe walilirusha. Mwalimu Anjela alikuwa analirusha juu, anapiga kofi mara mbili, analidaka kwa mpini bila kuangalia. Nilikumbuka ulivyosema siku ninaondoka: "Unakwenda kuwachezea ngoma ya jembe watu wasiolima?" Nikasema moyoni, laiti Baba angemwona huyu Mhaya.

Sasa sikia nilichokifanya. Kwenye kikao cha kupanga ratiba, dada Zuhura alisema, "Kulwa, samahani, mambo yameingiliana. Vijana wa singeli kutoka Chamazi nimewapa saa kumi Jumamosi, na wewe pia nimekuandika saa kumi. Nikusogeze asubuhi? Watoto wa shule watakuja, utapata watu wazuri tu."

Nakuuliza Baba, mtoto wako angejibu nini? Kichwa changu kilikuwa bado kinafikiri, mdomo ukawa umeshasema. Nilisimama nikawaambia kwetu Usukumani mtu hasogezwi. Kwetu makundi mawili yanaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, huku hawa, huku wale, kila upande unapiga na kuimba, na watu wanachagua kwa miguu yao. Wakikuvutia wanakuja, wakichoka nawe wanavuka kwenda kwa mwenzako. Jua likizama, mwenye watu ndiye mshindi, hakuna jaji wala karatasi. Na anayeomba abadilishiwe saa, huyo ameshashindwa kabla hajavaa njuga. Nikasema tuache saa kumi, nao waje.

Walinipigia makofi. Nilijiona mwanaume kweli kweli. Kiongozi wa wale vijana, anaitwa Shamte, Mzaramo, akasimama akanipa mkono. "Mtani wangu, umeyataka mwenyewe," akasema. "Jumamosi tunakuzika. Sanda unayo, au tukuchangie?" Na kwa kuwa ni mtani, nikacheka na wote wakacheka. Dada Zuhura ndiye aliyefurahi kuliko wote. Kesho yake nikakuta tangazo jipya getini: uwanja mmoja, saa kumi, chagua upande wako. Na akaniambia ratiba ya mwezi ujao ataipanga kwa kuangalia watu watasimama wapi. Hakusema kwa ubaya. Darasa lisilo na watu haliwezi kubaki, na stoo ninamolala inatakiwa kuwekwa vyombo vya muziki. Nikishindwa, Baba, darasa limekwisha na mahali pa kulala pamekwisha.

Mimi niliwaza ngoma kwa ngoma, mapafu kwa mapafu. Sikuwaza spika. Walizileta siku ya mazoezi, ndefu kuliko mlango, wakazipanga upande wao wa uwanja, na walipowasha, bati la ukumbi lilitetemeka. Singeli ni muziki unaokimbia Baba, huwezi kupata nafasi ya kupumua kati ya pigo na pigo. Kwetu ukizidiwa unatoa wimbo mwingine, unamtaja mwenzako, unamchokoza, watu wanageuka. Hapa nilitoa wimbo ule wako wa fisi na mkopeshaji, nikauimba mpaka koo likauma, na mimi mwenyewe niliyeuimba sikuusikia. Wanafunzi wangu walikuwa wananitazama mdomo kujua tumefika wapi.

Baada ya hapo wakaanza kupungua. Karani alisema foleni ya barabara ya Bagamoyo inamchelewesha. Wanafunzi wa chuo niliwaona tu siku iliyofuata upande wa pili, wanatingisha mabega na kina Shamte. Mmoja alinipungia mkono. Nikajikaza, nikasema wamebaki wanaojua.

Hili linalofuata ndilo linaloniumiza. Juzi jioni nilikuwa nimekaa na Mwalimu Anjela tunakaza ngozi ya ngoma kubwa. Wenzetu kule walikuwa wanapiga. Nilikuwa namweleza namna ya kuvuta kamba, nikamwona ananitazama miguuni huku anajizuia kucheka. Nikatazama na mimi. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unacheza, Baba. Si kidogo, unacheza kabisa, na kisigino kimo, na ni singeli uliyokuwa unaicheza.

"Mwalimu," akasema, "hata wewe?"

Hakuwa na ubaya, alikuwa anatania. Angekuwa Doto ningempiga na kandambili tukacheka wote. Lakini mimi nilipandwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi. Nikamwambia, "Kama unaona kule ndiko kuzuri, nenda! Nani amekushika?"

Akafunga ile kamba vizuri mpaka mwisho, akapangusa mikono. "Mie nilikuwa sijasema naenda," akasema. "Nimefundisha watoto sabini tangu asubuhi, nimekuja hapa nicheke kidogo. Basi, mwalimu." Akachukua mkoba wake akaondoka. Jana hakuja. Nilimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Shuleni kwake siwezi kwenda, wataniona vipi?

Wamebaki wawili. Mlinzi mstaafu, ambaye hawezi kurusha jembe kwa sababu ya bega, na mama wa vitumbua, ambaye anakuja akishamaliza kuuza, na asipomaliza haji. Hivyo ndivyo nitakavyoingia uwanjani Jumamosi dhidi ya spika za kina Shamte.

Jana hiyohiyo dada Zuhura aliniita tena. Alikuwa amekwisha kuona. "Kulwa mdogo wangu, asubuhi bado ipo wazi. Sitamwambia mtu. Nitasema ni mimi nimekosea kuandika." Alinipa njia nzuri, ya heshima, na nilijua ni njia nzuri. Nikamwambia hapana. Nikarudi stoo, nikakaa juu ya ngoma, nikajiuliza kwa nini nimesema hapana. Labda ni kiburi. Labda niliona sura yako.

Baba, naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hili. Siogopi kufukuzwa tu, ingawa hilo nalo naliogopa, maana sina kwingine kwa kwenda hapa mjini. Naogopa ile saa yenyewe. Kwetu hata kundi dhaifu kiasi gani huwa lina watu wake, wake zao, watoto wao, shangazi zao, wanaosimama tu kwa sababu ni ndugu. Mimi hapa sina mtu. Kutakuwa na uwanja, upande mmoja umejaa mpaka ukutani, na upande mwingine niko mimi na jembe na mchanga. Nimeshafikiria kusema naumwa. Nimeshafikiria kupanda gari la Masanja kesho, nikae juu ya magunia matupu nije nyumbani, na nilifika mpaka kumuuliza kama ana nafasi. Alisema anayo mbele, pembeni yake, na akaniuliza, "Kuna msiba?"

Nilishamwomba Baba mdogo Maganga kwa simu aje na watu wanne na ngoma zao. Alisema ni wakati wa kuvuna, na hata kama si wakati wa kuvuna, nani atasafiri siku nzima kwenda kushindana na redio? Ndivyo alivyosema, redio. Simlaumu.

Basi nisalimie watu. Shangazi Kabula mwambieni michembe yake ya viazi iliisha zamani, ila kina mama wa ukili waliila na maziwa wakaomba ramani ya kwake. Baba mdogo Maganga msalimieni, mwambieni sijanuna. Mchungaji asalimiwe, aniombee bila kutaja jina kanisani. Mtoto wa Doto mbusuni, nasikia ameanza kusimama. Mama, usihangaike kunitumia chochote, na usilie, najua sasa hivi unalia.

Doto, hapa ongeza sauti kidogo.

Baba, Masanja anarudi huku na mzigo, ataondoka huko Alhamisi alfajiri. Ile nafasi ya mbele nimemwambia asimpe mtu. Najua ulisema hutakanyaga Dar. Najua na mguu. Utaukunjua, gari lake lina nafasi, na atasimama kila utakapotaka. Sikuombi upige ngoma. Sikuombi uimbe, wala usiniletee dawa ya ngoma ya kuvuta watu, dawa haizimi spika. Nitakuwekea kiti kwenye mchanga, kivulini, upande wangu, na wewe utakaa tu. Nataka ikifika saa kumi nikiinua macho kuwe na mtu.

Na singeli ikianza kukuvuta, maana inavuta Baba, nimeiona kwenye mguu wangu mwenyewe, basi nyanyuka uvuke uende kule wanakofurahi. Sitakulaumu leo wala kesho. Lakini anzia upande wangu.

Mwanao,
Kulwa