Mama, Ndege Haijazwi Maji

Kwako Mama,

Mulembe. Goti lako linaendeleaje? Limepoa, au bado linakusumbua ukienda sokoni Kamukuywa? Sisi huku Ujerumani ni wazima. Mtoto ananyonya vizuri, na baba yake amejifunza kumwogesha kwa sababu wewe hukufika.

Ndiyo, bado nimekasirika. Mume wangu alisema ningoje hasira ipoe ndipo nikuandikie. Nimengoja, haipoi.

Mama, tulisimama uwanja wa ndege na mtoto mchanga kifuani mpaka abiria wa mwisho akatoka. Nikadhani umepotea Nairobi. Nikampigia ndugu yangu Wafula.

"Mama yuko nyumbani, anachagua maharagwe."

"Nyumbani wapi?"

"Si Kamukuywa! Nilimfikisha uwanja wa ndege Eldoret vizuri. Akauliza msichana wa tiketi kama ni ukweli ndege siku hizi zinawekwa maji na hewa. Msichana akacheka. Mama akabeba mzigo wake, akaniambia turudi."

"Na nani alimwambia hayo?"

"Mimi nilimsomea tu venye uliniandikia, bana."

Sikuandika hivyo! Niliandika kwamba mafuta mapya tunayojaza kwenye ndege hapa kazini hutengenezwa kutokana na maji na hewa chafu ya viwandani, kwa nguvu za umeme. Yakishatengenezwa ni mafuta kabisa, yananuka kama ya taa, na tunayachanganya na yale ya kawaida. Ng'ombe wako anakula nyasi, Mama, lakini ukimkamua husemi unakunywa nyasi.

Sikulaumu kwa kuogopa. Nilipoanza kazi hii, hata madereva wa magari ya mafuta walikuwa wakinong'ona. Rubani mmoja alishuka, akaomba aonyeshwe karatasi za vipimo, akazisoma zote huku abiria wakingoja. Siku hizi yuleyule hunipungia mkono tu na kuuliza kama tutamchelewesha. Lakini yeye aliuliza akangoja jibu. Wewe uliuliza ukakimbia!

Likizo yangu ya uzazi inakwisha. Sina mtu wa kumwachia mtoto, na sitaki mgeni amshike kabla yako. Usiku nikimbembeleza nakosa hata maneno ya ule wimbo wako. Tumekubadilishia tiketi, Wafula atakuja kukuchukua.

Msalimie shangazi wa Malakisi, ambaye nasikia alikusifu kwa kurudi. Mwambie namheshimu, lakini katika hili anyamaze. Naye Wafula, anayekusomea barua hii, asome pole pole.

Na jambo lililonimaliza nguvu kabisa: ndege uliyoikimbia haikuwa na hata tone la mafuta haya. Huko bado hayajafika. Yatakuwa kwenye ndege ya kukurudisha nyumbani kutoka huku. Wakati huo nitakuwa nimerudi kazini, na nitaomba niijaze mimi mwenyewe. Niambie, Mama, ni nani mwingine ungependa akujazie?

Ni mimi binti yako, niliyechoka kukungoja,
Nasimiyu