Shela Begani kwa Mama

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Elfu sitini na tano! Nilidhani Abdihakim ananitajia bei ya ng'ombe. Kumbe ni picha. Harusi ya siku moja tu, Homa Bay, Jumapili tarehe 31. Nikamuuliza kama kubonyeza kamera ndiko kunagharimu hivyo. Akaniambia nikae anieleze. Sikukaa. Nimerudi kwa cherehani yangu nimenuna.

Omosa, bwana harusi wangu, amecheka kwenye simu. Binamu yake Okari ana simu nzuri, atatupiga picha kwa elfu nane na chakula. Labda inatosha. Lakini mimi nazitaka picha hizi kama mwenye njaa.

Jumatano, 6 Agosti
Mama alipikia harusi za nusu ya kanisa letu. Watu wakiitwa kupanga mstari wa picha, yeye yuko jikoni na moshi. Tulipomzika mwaka wa 2021 ilipatikana picha moja tu, ya harusi ya Dorah, binti wa mamangu mdogo. Walikuwa wamemvuta mama dakika moja asimame kando ya bibi harusi. Tukamkata humo. Kwenye kijitabu cha mazishi mama ana uso wa woga, na kipande cha shela la Dorah kinamning'inia begani. Kila mtu alikiona.

Harusi ile ilipigwa picha na Abdihakim. Ndiyo maana nilimwendea.

Leo Metrine amekuja kuchukua gauni. Ati kushona tu, elfu mbili, na kitambaa ni chake? Nikamhubiria: uzi, stima, kufumua na kurudia, mgongo wangu! Akalipa, akaenda. Nikabaki na aibu. Maneno yake ndiyo yangu ya juzi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimerudi studio na daftari. Nimekaa.

Siku yenyewe ndiyo kazi ndogo, anasema. Wapigaji wawili, kamera mbili — moja ikizima wakati wa kiapo, hakuna mchungaji atakayerudia ndoa. Gari mpaka Homa Bay. Picha elfu mbili na zaidi, wiki nzima ya kuchagua na kusafisha moja moja. Albamu inachapwa Nairobi. Halafu kutunza: kila harusi iko kwenye diski mbili, moja studio, moja nyumbani kwake, moto ukitokea.

Nikauliza, hata zile zisizochaguliwa?

"Hata hizo, dada. Watu hurudi. Wanamtafuta mtu."

Kalamu ilinianguka. Nikamwambia kuhusu mama. Hakuuliza mengi. Atatafuta, na kutafuta halipishi.

Nimemkumbuka mama leo.

Jumapili, 10 Agosti
Omosa amekuja kutoka Homa Bay. Nina elfu sabini za ovaloki, ile mashine ya kumalizia pindo. Miaka miwili ya kuweka. Anasema mashine italeta chakula, picha zitaleta vumbi. Hajakosea. Mimi ndiye niliyemwambia kila siku, ovaloki, ovaloki.

Nikajaribu kumweleza. Akachoka.

"Mama hayuko, Truphena. Hata kamera ya milioni haitampata."

Aliomba msamaha papo hapo. Nimemsamehe. Bado nalisikia neno lile. Anataka jibu Jumanne, Okari asije akachukua kazi nyingine.

Jumanne, 12 Agosti
Naandika hapa hapa studio, kwenye benchi.

Amempata! Mara kumi na moja. Mgongo wake, leso yake, nusu ya uso nyuma ya sufuria. Na moja — mama mzima. Ametoka jikoni na mwiko mkononi, anacheka, meno yote nje. Nilikuwa nimesahau lile pengo. Mbele yake Dorah amefumba macho, ndiyo maana picha haikuchaguliwa. Miaka saba imelala kwenye diski kwa sababu bibi harusi alipepesa macho.

Mama haangalii kamera. Anaangalia kando. Na pale pembeni kabisa kuna kiwiko cha mtu, na mkono wa blauzi ya kijani uliopinda mshono. Nilishona blauzi ile mwenyewe, ya kwanza maishani mwangu, nikaivaa harusini. Mama alinicheka siku nzima.

Hatukuwahi kupigwa picha pamoja, mimi na mama. Ndivyo nilivyojua mpaka leo.

Abdihakim ameuliza kwa upole kama akate pembeni, abaki mama peke yake, ipendeze. Nimemwambia asikate mtu. Hata Dorah.

Printa inaanza kunguruma. Pesa za ovaloki ziko mkobani, nimezikumbatia. Simu inaita mara ya tatu. Ni Omosa, anataka jibu lake. Karatasi inatoka polepole, kiwiko kimetangulia —